Wanawake wa Kigoma, miti wanayoitunza na ardhi isiyo yao

Barabara ya Manyovu ikishaiacha Mwandiga inapanda kuelekea Kalinzi katikati ya migomba na kahawa, na upande wa magharibi vilima vinateremka mpaka Ziwa Tanganyika. Huko ndiko iliko hifadhi ya Gombe. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika hapo Julai 1960 kuwachunguza sokwemtu. Miaka thelathini baadaye aliruka kwa ndege ndogo juu ya eneo hilo akaona msitu umekomea mpakani mwa hifadhi, na nje ya mpaka vilima ni vitupu. Watu walikuwa wameongezeka, mashamba yamechoka na kuni zinafuatwa mbali. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE kwenye vijiji vya jirani. Mradi ulianza na vitalu vya miche, lakini haukuchukua muda kutambua kwamba mama mwenye mtoto mgonjwa hana nafasi ya kumwagilia mche. Zikaongezwa afya, maji, mikopo midogo, majiko banifu na ufadhili wa masomo kwa wasichana.

Tangu hapo, ukizungumzia uhifadhi mkoani Kigoma lazima utaje vikundi vya akina mama. Wao ndio wanaojaza udongo kwenye viriba, wao ndio wanaofinyanga majiko, na kwenye hotuba za Siku ya Wanawake, Machi 8, na Siku ya Mazingira, Juni 5, wao ndio wanaosimamishwa wapigiwe makofi. Goodall alifariki Oktoba 1, 2025 akiwa na miaka 91, na sifa nyingi alizopewa hapa kwetu zilihusu kazi hii ya vijijini kuliko hata sokwemtu wenyewe.

Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa shule ya uongozi ambayo mwanamke wa kijijini hakuwahi kuwa nayo. Wapo pia wanaoiona kuwa mzigo mwingine juu ya kichwa chenye ndoo tayari, mzigo usiolipwa, uliopambwa kwa kanga za sare. Mimi nawaunga mkono wa kwanza, na nitaeleza kwa nini. Lakini hoja ya wa pili imepuuzwa kwa muda mrefu mno, na kuipuuza kunawaumiza wanawake wale wale tunaowasifu.

Nianze na sanduku, maana nguvu ya vikundi hivi imekaa humo. Kusini mwa mkoa, kwenye vijiji vya mwambao wa Uvinza karibu na hifadhi ya Mahale, mradi wa Tuungane umeeneza benki za jamii za uhifadhi, ambazo watu wanaziita COCOBA. Utaratibu unafanana na wa vikoba tunavyovijua, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo wanawake watatu wa nyumba tofauti. Mmoja asipofika, halifunguki. Likishafunguliwa, mwanachama anaitwa kwa namba yake, anasogea, anataja hisa anazonunua, wahesabu fedha wanahesabu mbele ya wote, kisha kitabu chake kinagongwa muhuri. Aliyechelewa anatoa faini hapo hapo. Mfuko wa jamii unachangiwa kando na hisa, na huo hauna riba: ni wa msiba, wa mtoto aliyelazwa, wa nyumba iliyoungua. Tofauti ya COCOBA ni kwamba mkopo unaelekezwa kwenye shughuli isiyoharibu mazingira, kwa mfano ufugaji nyuki. Ukitaka fedha za kukatia mkaa, umekosea mlango.

Hicho kikao ndicho ninachokiita uongozi. Mwanamke ambaye hajawahi kushika kipaza sauti anajifunza kusema mbele ya wenzake kwamba hesabu haikukaa sawa. Anajifunza kumnyima mkopo shoga yake ambaye hajamaliza deni la kwanza, na kesho yake wakakutana kisimani bila kununiana. Akitoka hapo akagombea ujumbe wa serikali ya kijiji, hana haja ya kufundishwa kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Tena mwambao wetu una Waha, Wabembe, Wamanyema, Watongwe na watu waliovuka ziwa kutoka Kongo na Burundi. Kikundi kinachowakalisha jirani wa makabila haya kwenye mkeka mmoja kila wiki kinafanya kazi ambayo semina ya siku mbili haiwezi.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani uhisani wa mazingira ni wa mzungu mwenye hundi. Mama anayetoa miche yake ipandwe kwenye chanzo cha maji cha kijiji kizima naye ni mhisani. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kigoma wanaotoa zaidi kwa ajili ya misitu, ukipima kwa walichonacho, ni wanawake wenye jembe moja.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, kwa sababu hawasemi uongo.

Hoja yao ya kwanza ni kazi. Mwanamke wa kijiji cha milimani anaamka kabla ya jua, analima, anatafuta kuni, anateka maji, anapika, analea. Ukimwongezea kitalu unamwongezea safari za maji, na miezi ya Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekata, mche usiomwagiliwa unakufa. Vijana wa kiume wanaochimba mashimo kwenye mradi wa barabara wanalipwa kwa siku. Wanawake wanaochimba mashimo ya miti wanaambiwa wanajitolea. Sioni jibu zuri la kuwapa watu wanaouliza sababu ya tofauti hiyo. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, kule Kenya mwaka 1977 aliliona hili mapema: wanawake walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Mwaka 2004 alitunukiwa Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Watu wengi wanaikumbuka tuzo na kuyasahau yale malipo madogo, wakati yalikuwa sehemu ya utaratibu wenyewe. Mkono mtupu haulambwi.

Hoja ya pili ni nani anaachwa nje. Kikundi kinachodai hisa kila wiki hakimpokei mjane asiye na kitu. Anayeingia ni mwenye genge, mwenye mawese ya kuuza, mke wa mwenye mtumbwi. Hilo ni kweli, na wenye vikundi wenyewe wanalijua. Lakini sioni kama ni sababu ya kuvikataa. Ni sababu ya kushusha bei ya hisa, na ya kuruhusu kazi ya kitaluni ihesabiwe kuwa hisa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ardhi. Mti ukishapandwa unakaa miaka mingi, na kwa desturi za sehemu nyingi za nchi hii, aliyepanda mti ameweka alama ya umiliki. Ndiyo maana mwanamke anaruhusiwa kupanda maharage kwenye shamba la ukoo wa mumewe bila neno, ila akitaka kupanda miti ya kudumu wazee wanaanza kuulizana. Akifiwa na mume, miti aliyoimwagilia kwa kichwa chake inabaki kwa shemeji. Nimeshawasikia akina mama wakisema waziwazi kwamba wanapanda pale wanapoambiwa wapande, na kivuli watakaa wengine.

Sheria ilishalizungumza jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na inataka baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, liwe na wanawake wasiopungua watatu. Inaruhusu pia hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa kwa watu waliojiunga pamoja, si kwa mtu mmoja tu. Robo karne imepita, na bado kuna kitalu cha wanawake kinachostawi kwenye kiwanja cha kuazima, ambacho mwenyewe akipata mnunuzi kinahama na viriba vyake. Shirika linaweza kuleta miche elfu kumi, picha zikapigwa na ripoti ikaandikwa, bila mtu kuuliza eneo lile limeandikwa jina la nani.

Wengine wanakwenda mbali zaidi wakisema vikundi hivi vinawabebesha wanawake kosa lisilo lao. Mkaa unaotoka vijijini unakwenda mjini. Ziwa nalo lina matatizo ambayo hakuna mche utakaoyaponya: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba joto la dunia limepasha maji ya juu ya Tanganyika kiasi kwamba hayachanganyiki vizuri na ya chini, hivyo virutubisho vinavyolisha samaki vinabaki kilindini. Muuza dagaa wa Katonga hakusababisha hilo.

Hata hivyo yeye ndiye aliyelipa wa kwanza. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Uamuzi ule nauona sahihi. Samaki walikuwa wanapungua kila mtu akiona. Lakini ukisikiliza mijadala ya wakati ule, mvuvi alitajwa, mwenye chombo alitajwa, na mwanamke anayenunua dagaa alfajiri akawaanika alitajwa mwishoni, kama alitajwa. Ziwa lilifungwa, marejesho ya mkopo wake hayakusimama.

Jambo la mwanamke huyo linanifanya nisikubaliane kabisa na wanaosema akina mama waachwe wapumzike na mambo ya mazingira. Tazama kazi yake. Dagaa akianikwa mchangani anachanganyika na mchanga, kuku wanapita juu yake, na mvua ikinyesha ghafla nusu ya mtaji imeoza. Akianikwa kwenye kichanja cha wavu, hewa inapita juu na chini, anakauka upesi, anatoka safi na bei inapanda. Kila ndoo isiyooza mwaloni ni samaki ambao hawakuvuliwa bure. Wenye kuamua kichanja kijengwe wapi, kwa zamu gani na kwa mkopo upi ni wanawake wenyewe. Hapo uhifadhi na riziki vinakaa mkono mmoja, na ukimwondoa mwanamke kwenye uamuzi umeliondoa pia ziwa mikononi mwa mtu anayelijua bei yake kila asubuhi.

Kwa hiyo hukumu yangu haiko katikati. Vikundi vibaki, viongezeke, na vipewe uzito. Tatizo ninaloliona liko kwa tunaovitumia: serikali, mashirika na hata wanakijiji wenzao, tunaochukua kazi yao na kuwaachia shukrani.

Suala la fedha linaonyesha hatari yake vizuri. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada ya USAID, kazi za Taasisi ya Jane Goodall huku magharibi zilizokuwa zikitegemea fedha hizo ziliguswa. Hata fedha za nyumbani hazikuwa na uhakika: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Sanduku la kufuli tatu halitegemei tangazo la Washington wala la Dodoma, na ndiyo maana nimeanza nalo. Ila ni dogo. Linaweza kumsaidia mtu kununua mizinga ya nyuki. Haliwezi kulinda bonde zima.

Mwenye fedha, awe mfadhili au halmashauri, aache basi kuhesabu miche iliyogawiwa, ahesabu iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, na alipe kwa hiyo. Marejesho ya mkopo wa muuza dagaa yasimame miezi ambayo ziwa limefungwa kwa amri. Hayo ni mambo ya kalamu, hayasubiri msaada kutoka popote.

La ardhi linahitaji ujasiri zaidi, kwa sababu linagusa koo. Linaanzia kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, siku ile ramani inapotandikwa chini na watu wanaonyesha kwa fimbo msitu utaanzia wapi, malisho yatakomea wapi. Mara nyingi kikao hicho kinaitwa mchana, saa ambazo wanawake wako shambani au jikoni, na wakifika mistari imeshachorwa. Maofisa wa halmashauri za Kigoma na Uvinza wanaweza kuliepuka hilo kwa kukipanga siku ya kikoba, mahali pa kikoba, sanduku likishafungwa. Wanawake tayari wamekaa, katibu wao ana daftari, na wamezoea kubishana kwa hoja. Waulizwe wanataka eneo lipi la kitalu na la miti yao, lipimwe siku hiyo hiyo, na hati iandikwe jina la kikundi.