Ukinipa resipi nipe na gramu zake, kikombe chako mie sikijui

Wapishi wenzangu wa Tanga, hili la vikombe limenichosha na leo nalisema. Mtu anarusha resipi ya maandazi kwenye grupu, picha nzuri, maandazi yamefura, halafu chini anaandika unga vikombe vinne, sukari nusu kikombe, basi kamaliza. Kikombe kipi? Kile cha kupimia cha Marekani ni mililita 240 hivi, cha Australia 250, magi ya chai nyingi zinaingia mpaka 300, bado hujaja kwenye vile vya maua vya kabatini kwa bibi.

Na hata tukishika kikombe kimoja sote bado kazi ipo, maana unga wa ngano unashindilika. Chukua unga uliolala kwenye mfuko, zamisha kikombe humo humo, kandamiza kidogo, pitisha kisu juu, weka kwenye mizani utaona gramu 150 hivi. Sasa uchekeche unga huo huo, ujaze kwa kijiko polepole bila kugonga gonga kikombe, pitisha kisu, inakuja kama 120. Kwa vikombe vinne hapo pana gramu 120 za tofauti, yani kikombe kizima cha unga kimejificha, ndo maana mmoja donge linamkataa anahangaika kuongeza maji na mwenzie linamganda vidoleni, wote wawili wanailaumu hamira wakati hamira ya watu haina kosa lolote.

Sukari haina mambo hayo, kikombe ni gramu 200 hivi leo na kesho. Mchele mkavu uko karibu na hapo, 185 mpaka 200. Nazi kavu ya pakiti nyepesi mno, hata gramu 100 haifiki. Kwa hiyo anayekwambia kikombe ni robo kilo kwa kila kitu usimsikilize, robo kilo hiyo ni ya maji.

Kinachoniuma ni kwamba kununua tunanunua kwa uzito. Unaingia dukani Ngamiani, nipe nusu unga na robo sukari, muuzaji anapima unaona, na akipunja unagomba. Ukifika nyumbani uzito wote ule unausahau unaanza kutafuta kikombe! Nusu kilo ya unga uliochekechwa ni vikombe vinne na kidogo, robo ya sukari ni kikombe na robo, we gawa gramu ulizonazo kwa gramu za kikombe cha kitu hicho hicho, jibu hilo hapo.

Najua kuna atakayesema mbona wazee walipima kwa kibaba na pishi na walipika vizuri kutushinda. Kweli kabisa, vibaba vinne pishi moja, na ilikwenda sawa kwa sababu anayeuza na anayenunua walikijua kibaba hicho hicho. Fitri mpaka leo tunaihesabu kwa pishi, na ikigeuzwa kilo utasikia huyu anasema mbili na nusu, yule anasema karibu tatu, kwa vile pishi ya mchele na pishi ya tende haziwezi kuwa na uzito mmoja.

Mkate wa kumimina ndo msiseme. Mchele upimwe mkavu, kabla ya kuloweka, maana ukishalala kwenye maji umekunywa na umevimba, kikombe chake si kile tena. Andikeni basi, mchele mkavu nusu kilo, mtu ajue.

Vitu vidogo mie naviacha kwenye kijiko. Hamira ya chenga kijiko cha chai ni gramu 3 tu, chumvi laini ni kama 6, na mizani nyingi za jikoni zinasoma gramu nzima nzima, ukiziwekea kitu kidogo hivyo zinakudanganya. Kwa hiyo niandikie hivi: unga gramu 500, sukari 100, hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, iliki. Tui sema tu lianzie wapi, unga mwingine unakunywa zaidi, nitaongeza kidogo kidogo huku nakanda.