Shaba za Daniel Dias zina hesabu yake

Muogeleaji Daniel Dias wa Brazil alistaafu mwaka 2021 akiwa na medali 27 za Paralimpiki, 14 kati yake za dhahabu. Ukizitazama juu juu utasema alichuja: London 2012 alizoa dhahabu sita katika mbio zake sita za binafsi, Tokyo akaambulia shaba tatu. Hesabu hiyo siikubali, kwa sababu inaruka daraja, yaani kundi ambalo muogeleaji hupangiwa kulingana na ulemavu wake.

Dias alizaliwa na mikono yote miwili na mguu wa kulia usiokamilika. Alikuwa S5, na kwa mtindo wa chura SB4. Madaraja ya S1 hadi S10 ni ya ulemavu wa viungo, na namba ikiwa ndogo ulemavu ni mzito zaidi. Wapimaji huangalia nguvu za misuli na viungo vinajikunja kiasi gani, kisha humwingiza mtu majini, kisha humtazama akishindana. Majini ndipo penye utata. Asiye na kiganja hana cha kusukumia maji, kwa hiyo hulazimika kupiga mikono upesi zaidi. Mwenye miguu dhaifu, nyonga humzama na kumrudisha nyuma. Hasara hizo hazifanani hata kidogo, lakini zinaweza kukutana daraja moja.

Tokyo zilikutana. Francesco Bocciardo wa Italia, aliyekuwa bingwa wa mita 400 daraja la S6 kule Rio 2016, safari hii alikuwa S5. Akachukua mita 100 na 200 mtindo huru, Dias wa tatu mara zote mbili. Zheng Tao wa China naye alitokea S6. Huyu hana mikono: mbio za chali huanza akiuma taulo kwa meno, na ukuta huugusa kwa kichwa, tena kwa kasi ileile. Akabeba mita 50 za mtindo huru, za chali na za kipepeo.

Shaba ya tatu ilikuwa ya kupokezana, wanaume wawili na wanawake wawili, ambapo jumla ya namba za madaraja yao haipaswi kuvuka 20. Hapo kocha hujumlisha madaraja kwanza, kasi baadaye.

Waliohamishwa siwalaumu, hakuna anayejipangia daraja. Ninachotaka ni kidogo: orodha ya matokeo iandike daraja la zamani la muogeleaji kando ya jipya, pamoja na mwaka aliohamishwa.