Kufuli la mlangoni na nyumba ya wazee
Tulipomgusia mjomba habari ya kumpeleka mama mkubwa kwenye nyumba ya wazee, aliuliza swali moja tu: "Kwani hana watoto?" Anao sita. Kikao kikaishia hapo.

Swali hilo lina mizizi. Makazi ya wazee ya serikali Tanzania Bara, kama Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro au Kolandoto Shinyanga, ni ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Nunge yenyewe ilianza kama kambi ya wagonjwa wa ukoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo inaiachia familia jukumu la kwanza, makazi yakiwa kimbilio la mwisho. Basi mtu wa umri wa mjomba akisikia "nyumba ya wazee" anaelewa kitu kimoja: mama ametupwa.

Ila hebu tuitazame hiyo "nyumbani" tunayoitetea. Mama mkubwa alitolewa Marangu alipoanza kupotea njia ya kwake, akaletwa Dar, ghorofa ya tatu. Binti yake anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, anarudi saa mbili usiku. Anayebaki naye ni dada wa kazi, msichana wa miaka 19 kutoka Singida, ambaye hajafundishwa na mtu namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Kila mchana mama mkubwa anadai panga akakate majani ya ng'ombe. Anadai kwa Kichaga, maana Kiswahili kinazidi kumtoka siku hadi siku. Dada haelewi neno. Akitaka kushuka sokoni anafunga mlango kwa nje, kwa kufuli. Siku moja nilifika nikalikuta kufuli, na ndani mtu anagonga taratibu, kama mgeni anayebisha hodi.

Kwa hiyo tunaposema "atunzwe na familia", mara nyingi tunamaanisha mgeni mmoja asiye na msimamizi. Simlaumu yule dada wa kazi. Mshahara wake ni wa kupika na kufua.

Upande wa pili nao tuliuona. Kijana wa pili wa mama mkubwa anaishi Nairobi, ambako nyumba za kulipia zipo, akatutafutia moja. Tulikwenda kwa miadi: bustani, chai, muuguzi mwenye sare safi. Kesho yake tukarudi bila taarifa, saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Wazee walikuwa wameshavishwa nguo za kulalia. Zamu ya mchana hutoka saa kumi na mbili, na usiku hubaki wahudumu wawili kwa wazee 22. Msimamizi yupo, daftari la dawa lipo, nilipochungulia visigino vya bibi mmoja sikuona kidonda cha kulalia. Lakini siku ya mzee inakatwa kufuata zamu. Na Kichaga hakuna anayekijua.

Zanzibar ina makazi pia, Sebleni na Welezo, ila tangu Aprili 2016 inatoa pensheni kwa kila mkazi mwenye miaka 70 na kuendelea, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mzee anayetembea inamsaidia sana. Aliyelala kitandani bado anahitaji mikono ya kumwogesha, na pensheni hiyo haiwezi kumlipa mhudumu.

Mimi naona hivi. Mzee anayehitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili, mwenye mpira wa mkojo, nyumba yenye wauguzi inamfaa kuliko mapenzi yetu ya kwenye simu. (Wanaopinga kwa sauti kubwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wanaishi mbali, sijui kwa nini.) Lakini mama mkubwa bado anatembea, anakula mwenyewe, na kinachomtesa ni kutoeleweka. Kabla ya kuvuka Namanga ningemtafutia kwanza mjane wa Marangu anayejua kazi, alipwe vizuri, na yule dada arudi kwenye kupika.

Mjomba tulimweleza habari ya kufuli wiki iliyopita. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama hiyo nyumba ya Nairobi inafuga ng'ombe.