Kabati la mninga: rangi, msasa, au tuliache?

Kabati likishushwa kutoka kwenye kirikuu pale Keko, Dar es Salaam, ubishi huanza hata kabla halijaingizwa karakana. Mwenye nyumba mpya anataka lipigwe rangi: nyeupe, kijivu, au ile kijani iliyofifia anayoiona kwenye video za TikTok. Mama mkwe aliyelitoa anaona huko ni kuliua. Yeye anataka lipigwe msasa, litiwe vanishi, ling'ae kama siku lilipotoka kwa seremala. Fundi ananyamaza, anasubiri kuona nani mwenye hela.

Nianze na upande wa rangi, maana unadharauliwa bure. Si kila kilicho kizee na cheusi ni mninga. Samani nyingi zilizopakwa vanishi nzito ya kahawia ni za msonobari, sipresi au plaiwudi, na ile kahawia iliwekwa makusudi ili zifanane na mninga. Ukiikwangua unakutana na mbao nyeupe yenye vifundo. Kwa plaiwudi ni hatari zaidi: tabaka lake la juu ni jembamba mno, mara nyingi halifiki hata milimita moja, na mashine ya msasa inalitoboa fundi akigeuka tu kuongea na simu. Kuna pia kabati lililopita mikono mingi: mguu mmoja wa mti mwingine, mlango umezibwa kwa unga wa mbao na gundi, droo imebadilishwa. Vanishi inaonyesha viraka vyote hivyo. Rangi inaviunganisha, na kabati linarudi jikoni kufanya kazi badala ya kuoza stoo.

Na wale wanaosema samani za asili yetu lazima zionyeshe mbao, wakatembee pwani. Milango ya mtindo wa Siyu, kule visiwa vya Lamu, ilitiwa nyekundu na nyeusi. Samadari za Unguja, vile vitanda vya kizamani, zina vioo vilivyochorwa maua kichwani na miguuni. Rangi ni ya kwetu zamani sana. Mtu akiikwangua samadari ya namna hiyo "ili mbao ionekane", hajairudisha popote, ameifuta.

Lakini kwa mninga wenyewe hoja inageuka. Mninga una vinyweleo vikubwa vinavyoonekana kwa macho. Rangi ikipakwa juu ya mbao tupu inashuka humo, na siku mwenye kabati akibadili mawazo atatumia dawa ya kubandua, brashi ya waya laini na sindano, na bado vitone vyeupe vitabaki kwenye nyuzi. Mti huu huchukua miongo mingi katika miombo ya Tabora na Katavi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na mbao zake ni tulivu: zikishakauka vizuri hazipindi wala hazisinyai ovyo. Ndiyo maana droo ya mninga ya miaka ya 1970 bado inateleza wakati ya kabati la juzi imekwama. Kuufunika ni kuficha kitu ambacho leo kukinunua upya ni ghali.

Rangi inaficha pia mengine. Kabati lililobunguliwa likipakwa rangi linaonekana zima, na mnunuzi mwenye akili atalishuku hata kama ni zima kweli. Bungua aliyemo ndani hafi kwa rangi ya juu. Kabla ya kuamua chochote, gonga ubao kwa nyuma, weka karatasi nyeupe chini, uiache siku chache. Unga mpya ukidondoka, kazi ya kwanza ni dawa. Mambo ya rangi na vanishi yasubiri.

Hii mitindo ya simuni nayo ina kwao. Rangi ya chaki, ile inayopakwa bila kupiga msasa, iliingizwa sokoni Uingereza na Annie Sloan mwaka 1990. Kule samani nyingi za zamani ni za msonobari, au zimebandikwa ngozi nyembamba ya mbao nzuri juu ya mbao duni, kwa hiyo kuzipaka ni jambo la busara. Sisi tumechukua suluhisho lao na kulimwaga juu ya mninga mtupu.

Mpaka hapa mama mkwe anashinda. Ninapoachana naye ni kwenye msasa.

Katika karakana nyingi, kurudisha samani maana yake ni mashine na msasa mkali, namba 60 au 80, mpaka mbao "mpya" itokee. Kingo zinakuwa butu, nakshi zinapoteza meno, alama za randa ya mkono zinafutika. Mvule ndio unaoonewa zaidi: ukipasuliwa ni wa manjano, kisha mwanga unaugeuza taratibu kuwa kahawia iliyoiva. Mashine inaurudisha kwenye manjano kwa nusu saa, halafu fundi anafungua kopo la rangi ya mbao kutafuta ile kahawia aliyoipuliza nje ya mlango sasa hivi! Rangi iliyopakwa juu ya vanishi nzee inaweza kubanduliwa. Mbao iliyogeuka vumbi hairudi. Kwa hesabu hiyo, mashine inayopendwa na wapenda asili ina madhara kuliko brashi wanayoilaani.

Vumbi lenyewe si la mchezo. Vumbi la mvule huleta pumu na muwasho wa ngozi, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kama samani ina rangi ya zamani, ongeza hofu ya madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za majumbani zenye madini hayo mwaka 1978, na kwingineko ziliendelea kuuzwa. Kuikwangua ikiwa kavu uani, watoto wakicheza pembeni, ni uzembe.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe: juu ya mbao kuna nini? Chukua pamba yenye spiriti, sugua sehemu iliyofichika. Ikilainika na kunata, ni sheleki, ile vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti. Kama spiriti haikufanya kitu lakini thina imeyeyusha, hiyo ni vanishi ya kupuliza. Zote mbili zinaweza kufufuliwa kwa kulainishwa na kimiminika chake na kusawazishwa kwa brashi, mikwaruzo ikajifunga, bila kugusa mbao. Isipoyeyuka kwa chochote, ni vanishi ngumu ya kisasa, na pengine inahitaji kuoshwa tu. Makabati mengi yanayoambiwa "yamekufa" yamejaa moshi, mafuta ya jikoni na polishi ya miaka. Kitambaa kilichokamuliwa, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha nta ya nyuki. Mafundi hawaipendi kazi hii kwa sababu haina bei ya kueleweka.

Msimamo wangu basi: sipresi na plaiwudi, paka rangi na ulale usingizi. Mninga, mvule na mkongo, osha kwanza, fufua vanishi, na mashine ibaki kwenye kabati lake.

Na kama wa nyumbani kwako hataki kusikia chochote zaidi ya nyeupe, usiifikie mbao. Acha vanishi nzee, ioshe, ipitie kwa mkono na msasa laini ili rangi ishike, kisha, kabla ya rangi, paka mkono mmoja au miwili ya sheleki. Itazuia wekundu wa mninga usipenye kwenye nyeupe, na itamrahisishia atakayetaka kuibandua baadaye. Ndani ya droo na mgongoni usipake kitu. Haya yote mwambie fundi kabla kabati halijashushwa kwenye kirikuu, maana yeye huanza na mashine kwanza, maswali baadaye.