Kocha, Goti Langu Halijui Kupanda

Hivi nani alimwonyesha kocha wetu Barcelona? Tulikuwa tunaishi kwa amani. Timu ya maveterani, Jumapili asubuhi, mabeki tunakaa nyuma karibu na kipa, mpira ukija tunabutua, ukipotelea kwenye mihogo tunapumzika. Mnataka raha gani tena?

Sasa eti tupande! Mabeki wote wanne tusogee hadi karibu na mstari wa kati, "tubane uwanja". Sikatai, Hansi Flick, akiwa kocha wa Barcelona, aliubana kweli. Oktoba 2024, pale Bernabéu, Real Madrid walikula nne bila, na Mbappé kila akichomoka, kibendera juu. Anafunga, wanakataa, kaotea, yaani pasi inapigwa yeye keshawapita mabeki! Wapinzani wanakosa pa kuchezea, mnawapora mpira hatua chache tu kutoka golini kwao. Tamu. Lakini Flick alikuwa na beki Cubarsí, kijana wa miaka 17. Mimi nina wajukuu, na goti linalotabiri mvua.

Halafu kule kuna kamera zinapima mpaka ncha ya kiatu. Kwetu mshika kibendera ni dereva wa bodaboda. Abiria akipiga simu, anaondoka nacho! Unanyoosha mkono, "Kaotea huyoo!", unageuka, pembeni hamna mtu. Refa anakutazama kama unaomba lifti.

Na huu mtego wa kuotea wenyewe una sharti ambalo washambuliaji wetu hawataki kulisikia: mwenye mpira asiachwe akainua kichwa. Akiinua tu, pasi moja ndefu, kwisha habari. Wao wakipokonywa mpira wanashika kiuno na kulaumiana. Nani anakimbia kurudi? Mzee mimi! Tena balaa zaidi ni yule kiungo anayetokea nyuma, maana huyo haotei. Umekazana kumlinda straika aliyesimama, mwenzake ameshakupita ubavuni, unabaki kumsindikiza kwa macho.

Hata Flick mwenyewe yalimkuta. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2025, Barcelona walifunga mabao sita katika mechi mbili dhidi ya Inter, na bado wakatolewa 7-6. Sita, jamani! Nikamwambia kocha. Akanijibu bila aibu, "Basi na sisi tufunge nane."

Nane? Straika wetu tangu msimu uanze kafunga kamba za viatu tu!