Deki ya kwanza ya CD: usomaji kwanza, jina baadaye

Mkazi wa Moshi au Arusha anayetaka kuanza kusikiliza CD nyumbani kwa amplifaya, spika mbili na deki inayojitegemea, huanza kwa kuuliza ni kampuni gani iliyo bora. Kwa maoni yangu, swali hilo linaweza kusubiri. Jambo la kutazama kabla ya yote ni uwezo wa deki kusoma diski, kwa kuwa deki yenye jina kubwa inayorukaruka kwenye wimbo wa nne haikufai kitu.

CD ziliingia sokoni nchini Japani mwaka 1982, zikiwa kazi ya pamoja ya Sony na Philips, na kiwango chake hakijabadilika: sampuli 44,100 (yaani vipimo vya sauti vilivyoandikwa kama namba) kwa sekunde kwa kila chaneli, kila sampuli ikiwa na biti 16. Kwa hiyo deki nzima ya bei nafuu na deki nzima ya bei ghali huchukua taarifa zile zile kutoka kwenye diski ile ile. Tofauti za sauti zipo, hasa katika sehemu inayogeuza namba kuwa mawimbi ya umeme, ila kwa spika ambazo wengi wetu tunaanza nazo ni tofauti ndogo mno, na fedha ya ziada ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye spika hizo hizo.

Kwa kuwa deki nyingi zinazopatikana kwetu ni za mtumba, kinachopaswa kuchunguzwa ni uchakavu. Mkanda mdogo wa mpira unaosukuma trei ukilegea, trei hukwama, lakini hilo halipaswi kumtisha mnunuzi, kwani fundi redio hubadilisha mkanda huo kwa gharama ndogo. Kichwa cha leza, yaani sehemu inayosoma diski, kikichoka ni shauri jingine, maana kipuri cha modeli ya zamani ni vigumu kukipata, na fundi asiye na kipuri ataishia kuifuta lensi na kukuombea heri.

Namna ya kukipima kichwa hicho inatokana na jinsi diski inavyosomwa. CD husomwa kuanzia karibu na tundu la katikati kuelekea ukingoni, ikizunguka takribani mara 500 kwa dakika mwanzoni na kupungua hadi mara 200 hivi mwishoni. Muuzaji hukuchezea wimbo wa kwanza, unalia vizuri, nawe unatoa pochi kabla sehemu ya ukingoni haijajaribiwa. Nenda na diski yako mwenyewe, iwe ndefu, inayokaribia dakika 74, uruke moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho na kuusikiliza mpaka uishe, hata kama muuzaji ameanza kuangalia saa. Kisha weka diski ya kuchoma, kwa sababu makabati yetu yamejaa CD za kwaya zilizonunuliwa kanisani pamoja na zile zilizochomwa mtaani, na baadhi ya deki za zamani huzikataa hizo za pili. Deki inayosoma CD ya kawaida si lazima isome mafaili ya MP3.

Baada ya hapo igeuze nyuma usome kibandiko cha umeme. Deki iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia volti 100, na ukiichomeka kwenye volti 230 za hapa kwetu utaiunguza siku hiyo hiyo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, ambayo bei yake ni sehemu ya bei ya deki. Pembeni ya kibandiko utaona matundu mekundu na meupe. Nyaya zake ziende kwenye tundu lolote la amplifaya la CD au AUX, kamwe si lile la Phono, ambalo limetengenezwa kwa ajili ya santuri yenye mawimbi dhaifu ya sehemu chache tu za elfu moja za volti, wakati deki ya CD hutoa kama volti 2.

Wapo wanaoidharau deki ya DVD iliyobaki kabatini. Mimi naona inafaa kabisa kuanzia, mradi ipite majaribio hayo, ingawa nyingi hukulazimisha kuwasha televisheni ili ujue uko wimbo wa ngapi, jambo linaloudhi usiku unapotaka muziki tu.

Kwa anayeishi penye vumbi, kama Pasua au Sombetini wakati wa kiangazi, trei isiachwe wazi, na deki ifunikwe kwa kitambaa ikishazimwa. Ukibaki na deki mbili zilizofaulu kila jaribio, chukua ile yenye rimoti yake halisi, kwa kuwa baadhi ya kazi za deki hazina kitufe mbele ya mashine, na kuitafuta rimoti ya modeli ya mwaka 1995 ni kazi kuliko kuitafuta deki yenyewe.