Utando wa Oksidi ya Zinki: Je, Mashine ya Ombwe Ndiyo Kila Kitu?

Walimu wa fizikia na wanafunzi wao hapa Tanga wanapozungumzia tando nyembamba za oksidi ya zinki, hoja inayotangulia huwa ni ya vifaa: kwamba bila mashine ya ombwe, yaani inayojenga utando ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, hakuna utando wa kuaminika, na kwamba anayepaka myeyusho wa asetati ya zinki juu ya kioo kisha akauchoma katika tanuri anafanya maonyesho ya darasani tu. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, ila inachukulia kuwa sifa za utando hutoka kwenye mashine, na hapo ndipo ninapotofautiana nayo.

Upande wa ombwe una nguvu zake. Ioni (atomi zenye chaji) za gesi ya agoni zikiigonga sahani ya oksidi ya zinki iliyotiwa asilimia 2 hivi ya oksidi ya aluminiamu, atomi zinazong'oka hutua juu ya kioo na kujenga utando ulioshikamana, unaopitisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoonekana, na ambao ukinzani wake maalumu unaweza kushuka hadi karibu omu-sentimita 0.0005. Tando za myeyusho hufika hapo kwa nadra. Hata hivyo, mashine hiyo hiyo ikiongezewa oksijeni kupita kiasi hutoa utando unaokaribia kuwa kihami. Zaidi ya hapo, kioo kimoja kinaweza kuwa na ukinzani tofauti kutoka sehemu hadi sehemu, kwa kuwa ioni za oksijeni zenye nishati kubwa hupiga kwa nguvu zaidi pale panapoelekeana na mfereji uliochimbika katika sahani. Mashine, kwa hiyo, nayo inatawaliwa na masharti ya kazi.

Tuje kwa wanaotumia myeyusho, ambao naona wamehukumiwa kwa haraka. Sehemu ya lawama wameitafuta wenyewe, kwa kupenda kuripoti namba moja: pengo la nishati, yaani nishati inayohitajika kuifungua elektroni ipitishe umeme, la elektronivolti 3.3 hivi. Namba hiyo ni sahihi, lakini haitofautishi sana kazi nzuri na kazi mbovu, kwani utando uliookwa vizuri na ule uliookwa ovyo unaweza kutoa takriban jibu lile lile, ilhali ukinzani wao ukapishana mara elfu au zaidi. Anayesoma ripoti yenye pengo la nishati peke yake, bila joto la tanuri, bila muda, bila hewa iliyokuwamo, hana cha kuaminia, na si ajabu akaondoka na imani kwamba njia yenyewe ndiyo dhaifu.

Ukweli ni kwamba njia hiyo inasikia sana mkono wa mtayarishaji. Katika nyuzijoto 300 mabaki ya asetati yanaweza kubaki ndani ya utando na chembe za fuwele zikawa ndogo. Kati ya 400 na 500 chembe hukua, na utando ukipimwa kwa eksirei zinazotokana na shaba, kilele cha mwangwi wake kwenye pembe ya nyuzi 34.4 hupanda juu ya vingine, dalili kwamba fuwele nyingi zimesimama wima juu ya kioo. Ukizidisha sana, kioo cha kawaida cha dirishani huanza kulainika. Hewa ya tanurini nayo ina kauli yake: utando uliookwa katika hewa yenye oksijeni kwa kawaida huongezeka ukinzani, kwa sababu oksijeni hujaza nafasi zilizokuwa wazi na kunasa elektroni kwenye mipaka ya chembe, ilhali uliookwa katika ombwe au hidrojeni hupitisha umeme vizuri zaidi.

Kwa sisi wa mwambao kuna sharti jingine lisiloandikwa katika maelekezo mengi, nalo ni unyevu wa hewani. Tone la myeyusho linapozungushwa juu ya kioo na kukauka, mvuke wa maji unaweza kuharakisha mmenyuko na kuacha utando wenye ukungu na uso wa kukwaruza. Anayepaka wakati wa masika na anayepaka wakati hewa ni kavu hawafanyi kazi moja, hata kama wamepima kemikali kwa mizani ile ile. Hata upimaji una mtego. Utando uliopitishwa juani kabla ya kuwekewa nyaya za mita huonyesha ukinzani mdogo kuliko ule uliokaa gizani, kwa kuwa urujuanimno huiondoa oksijeni iliyojishika juu ya uso, na hali hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa kurudi ilivyokuwa. Dirisha la maabara likiwa wazi, mtu anaweza kulisifia tanuri kwa kazi iliyofanywa na jua.

Ni kweli kwamba plastiki haivumilii nyuzijoto 400, na kwamba elektrodi angavu (tabaka linalopitisha mwanga na umeme) ya paneli kubwa inahitaji usawa ambao ombwe huutoa kwa urahisi zaidi. Huko nakubali bila kinyongo. Lakini kwa kihisi cha gesi mizani inageuka, kwani gesi inapaswa kuifikia mipaka ya chembe ili ibadilishe ukinzani. Utando ulioshikamana huizuia, ilhali ule wa myeyusho una vitundu vilivyoachwa na asetati ilipoungua, na ukubwa wa vitundu hivyo unategemea kasi ambayo tanuri lilipandishwa joto.